Landrova ya Namtunda: Injini Haina Ndugu

Mgambo ameshika kamba, fundi ameshika spana, dereva ameshika kichwa. Hapo ndipo tulipowaacha Jumapili iliyopita, na barua zenu za kutulaumu tumezipokea. Msomaji mmoja wa Newala ametuuliza kama hatuna mama. Tunaye, ndugu yetu, na yeye pia alikasirika.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa chumvi dukani kabla hawajalisoma, mambo ni haya. Landrova ya kijiji cha ujamaa cha Namtunda, kusini ya Mtwara kwenye njia ya kuelekea mto Ruvuma, ilianza kulia. Ngo! Ikatembea kidogo. Ngo! Siku tatu mfululizo. Fundi Erasto akaitwa kutoka karakana moja ya mjini ambayo hatutaitaja, maana hatutaki kesi. Akaingiza kichwa ndani ya boneti kwa muda wa sigara moja, akatoka na hukumu: injini imekufa, na aliyeiua ni dereva. Tena kaiua kwa makusudi.

Kumbuka huu ni mwaka wa sabini na sita. Neno hujuma si neno la kutania. Na dereva mwenyewe, Sebastiao, ni mtu wa ng'ambo ya mto, Msumbiji. Shehe alimsilimisha akampa jina la Saidi, lakini Namtunda wanaendelea kumwita Sebastiao, hasa siku akikosea. Mtu wa namna hiyo akipelekwa mjini kwa hujuma, mkewe ajiandae kukaa eda.

Kamba ikazungushwa kwenye mikono yake. Ndipo sauti ikasikika kutoka nyuma ya umati: "Mwongo!"

Watu wakageuka. Alikuwa Hadija, mke wa dereva. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa Hadija ni mfinyanzi, na habari ya mumewe kufungwa kamba ilimkuta chungu kikiwa mapajani.

"Nani mwongo?" aliuliza Fundi Erasto.

"Wewe, bwana fundi. Au yuko mwingine hapa aliyesema injini imekufa?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuonja. Katibu Kata, Ndugu Josephu, hakucheka. Ndugu Josephu hacheki mpaka ajue kwanza anayechekwa ana cheo gani. Alinyoosha kola ya suti yake ya Kaunda, akakohoa.

"Mama, fundi huyu ana cheti."

"Nami nina masikio, Ndugu Katibu."

Fundi Erasto aliona ni wakati wa kuwamaliza wanakijiji kwa elimu. Akapanda juu ya bampa, spana mkononi. "Sikilizeni! Hii ni kazi ya kitaalamu. Krenki imekula beringi. Beringi imekula pistoni. Pistoni imekula bloku!"

"Na fundi amekula nini?" aliuliza Salma, jirani yake Hadija, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo.

Safari hii kicheko hakikuwa cha kuonja. Fundi akashuka kwenye bampa.

"Injini hii lazima ing'olewe iende karakana," alisema kwa hasira. "Leo hii."

"Kama ile ya kijiji cha jirani?" alisema Salma. "Nayo uliing'oa, ukasema imekufa. Mpaka leo gari lao kuku wanatagia ndani. Na injini yao tumeisikia juzi ikipita hapa ndani ya gari la mkubwa fulani, inakohoa vilevile."

Katibu Kata alitazama mawingu. Mkubwa fulani alikuwa anafahamika, na mawingu hayana masikio.

Hapo akatokea Mzee Ismaili. Huyu ni baba yake Hadija, na ndiye mpimaji wa korosho katika ghala la kijiji, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Kila gunia la Namtunda hupita kwenye mizani yake. Watu wakampisha njia.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mwanamke hashindani na spana. Rudi kwenye vyungu vyako. Mambo ya mumeo tuachie wazee."

Hadija alimpenda baba yake, na hakuwahi kumpinga mbele za watu. Siku nyingine angeshika njia arudi nyumbani. Lakini alimtazama mumewe, akaiona ile kamba, na moyo ukamwuma.

"Baba, nikitoa vyungu ishirini motoni, navigonga kimoja kimoja kwa kidole. Kizima kinaniambia ni kizima, chenye ufa kinaniambia kina ufa. Hata cheti sina. Naomba kitu kimoja tu. Fundi awashe injini."

"Injini iliyokufa haiwashwi!" alisema Erasto.

"Basi hutapata taabu. Jaribu tu."

Umati ukaanza kupiga makofi: awashe, awashe. Katibu Kata akaona afadhali kuongoza jambo ambalo tayari limemshinda, akasema kwa sauti ya ofisi, "Naagiza injini iwashwe."

Ikawashwa. Maiti ikanguruma, moshi ukatoka nyuma, mbuzi wakakimbia. Watu mia moja wakatega masikio. Injini ililia kama injini yoyote ile yenye afya njema na mafuta mabaya.

"Kelele iko wapi?" aliuliza Hadija.

"Imejificha," alisema fundi.

"Inamwogopa nani?"

"Ugonjwa wa injini ni kama malaria, mama. Unakuja, unaondoka."

"Kwa hiyo mume wangu anafungwa kwa homa ambayo sasa hivi imepoa?"

Salma alicheka mpaka akajishika kiuno. Hadija hakumngoja amalize. "Zima. Sasa tutalisukuma gari, injini ikiwa imezimwa kabisa. Likilia, injini haina kosa. Likinyamaza, mchukueni mume wangu, na mimi sitasema neno tena."

Haya, msomaji, usidhani alikuwa na uhakika. Ila alikuwa ameisikiliza kelele ile siku tatu kutoka kibarazani kwake, na hakuisikia hata mara moja gari likienda sawasawa. Aliisikia likianza kuondoka, likisimama, na likishuka bondeni. Alishamweleza mumewe usiku wa kwanza, naye akamjibu kwamba anataka kulala.

Ikazuka shida nyingine. Nani atashika usukani? Dereva amefungwa. Fundi alikataa, akasema mkono unamuuma, mkono uleule uliokuwa unapunga spana. Mwishowe Katibu Kata mwenyewe akapanda.

"Sijawahi kuendesha," alikiri.

"Huendeshi, Ndugu Katibu," alisema Hadija. "Tunakusukuma. Wewe kazi yako ni kukanyaga breki nikisema. Pedeli ya katikati."

Kukaa huku wengine wanasukuma ilikuwa kazi aliyoizoea. Akajiweka sawa kwenye kiti, akakunja uso kama wakubwa wanavyofanya kwenye picha. Vijana na akina mama wakaweka mabega. Landrova ikajikongoja mbele.

Ngo!

"Injini imezimwa!" alipiga kelele Salma. "Mashahidi mpo? Imezimwa!"

"Ni difu, gia ya magurudumu ya nyuma!" alijibu fundi papo hapo, bila hata kuona aibu ya kuihama injini yake. "Nilitaka kusema tangu mwanzo. Ni difu."

"Endeleeni, msisimame," alisema Hadija.

Gari likaenda taratibu mbele ya ghala, magurudumu yakizunguka, hatua kumi, ishirini, thelathini. Kimya. Hata kuku walisikika.

"Difu inazunguka sasa, bwana fundi?"

"Inazunguka."

"Inalia?"

Erasto alianza kuifuta spana yake kwa shati.

"Breki, Ndugu Katibu!"

Katibu Kata alikanyaga kwa miguu miwili. Landrova ikasimama ghafla, kofia ya Katibu ikaruka dirishani, na kutoka chini kabisa ikaja ile sauti, ngo, nzito, ya kujaa.

"Mama yangu!" Ndugu Josephu aliruka nje kama aliyeketi juu ya siafu. "Iko chini yangu! Nimeihisi hapa, hapa!" Akaonyesha mahali ambapo hatuwezi kupataja kwenye gazeti.

Sasa kila mtu akacheka, hata mgambo, ambaye kwa kawaida hucheka kwa ruhusa tu. Fundi Erasto akaanza kukusanya vifaa vyake kimyakimya.

Chini ya kiti cha dereva pana tangi la pili la mafuta. Lilitoboka mwaka jana, na tangu siku hiyo halitiwi hata tone.

"Fungueni," aliagiza Katibu Kata.

"Msifungue!" alisema fundi. "Lina mvuke. Litalipuka!"

Watu wakarudi nyuma. Hadija akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Tangi kavu mwaka mzima, mvuke wa nini? Wa uji?" Akamsogelea mumewe, uso umechangamka, apate kumpa pole na kumwambia kwamba kamba itafunguliwa sasa hivi.

Sebastiao alikuwa analowa jasho. Tangu asubuhi hakufungua kinywa, na watu walidhani ni kiburi cha ng'ambo. Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukakaribia sikio la mkewe.

"Mama Mariamu," alinong'ona, "waambie umekosea. Waambie ni injini."

"Una wazimu? Nimekwisha kukuokoa!"

"Iache iwe injini. Injini haina ndugu."

Hadija alimtazama asimwelewe. Furaha yote ikamtoka. Akageuka aseme ngojeni kidogo, lakini kiti kilikuwa kimekwisha ng'olewa, na vijana wawili walikuwa wanavuta bati lililofunika tangi. Chini ya bati, tangi lilikuwa limekatwa juu, shimo la kupitisha mikono miwili. Mmoja akaingiza mikono, akagumia, akatoa kitu kizito kilichoviringishwa kwenye gunia lililochakaa.

Gunia likafunuliwa.

Lilikuwa jiwe la mizani. Chuma cheusi chenye mshikio, kimeandikwa kilo ishirini.

"Niliwaambia kuna kitu!" alisema Fundi Erasto.

Ndugu Josephu si mjinga kama suti yake inavyomsingizia. Jumanne iliyopita mkaguzi wa mizani alipita Namtunda, akakuta kila kitu ghalani kinang'aa. Kelele ya Landrova ilianza Jumatano. Katibu Kata alilitazama jiwe, akalitazama ghala, akaagiza mizani iletwe nje pamoja na jiwe jingine la kilo ishirini. Jiwe la ghala likawekwa sahani hii, jiwe la tangini sahani ile.

Sahani ya jiwe la tangini ikashuka mpaka chini, ikagonga.

Wakaligeuza. Chini lilikuwa limechimbwa, na shimo limejazwa madini ya risasi, likapakwa rangi nyeusi juu yake.

Salma, yule wa mdomo usio na likizo, akaketi chini vumbini. "Magunia yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nyumbani yanajaa, hapa yanapungua. Misimu miwili. Nimewachapa wanangu, nikidhani wanaiba korosho wanaenda kuchoma. Nimewachapa watoto wangu."

Wengine nao walikumbuka. Kila mwaka walipolalamika, walijibiwa kwamba korosho hunyauka njiani, jua hulinywa gunia, na wao wakakubali, wakarudi nyumbani kuyaanika tena magunia yao. Sasa sauti zikaanza kupanda. Mtu akaokota jiwe la kawaida, lile lisilohitaji mizani.

"Mzee Ismaili," alisema Katibu Kata haraka, "wewe ndiye mpimaji. Unalijua jiwe hili?"

Mzee Ismaili alisogea, akaliinamia, akatikisa kichwa taratibu. "Silijui. Mawe yangu yako ghalani, mmeyaona." Akanyoosha kidole kirefu. "Gari ni lake. Tangi ni lake. Muulizeni mgeni huyu!"

Umati ukamgeukia Sebastiao. Mgambo akaikaza kamba.

"Nani alikupa jiwe hili?" aliuliza Katibu Kata. "Sema upone."

Sebastiao alitazama chini. Sasa msomaji wa bara anaweza kumwona mpumbavu, basi tumweleze. Huku kusini mwanamume huoa akahamia kwa wakwe. Huwalimia, huwajengea, hutumwa akatumika, na hamwinulii baba mkwe macho wala hamtaji kwa ubaya mbele za watu. Anayefanya hivyo hana tena mke wala pa kulala, na hata mbwa wa kijiji watamjua.

Kwa hiyo alinyamaza. Na kunyamaza kwake kukazidi kumfunga.

"Mnamwona?" Mzee Ismaili alipaza sauti, yeye wa maneno machache. "Tangu siku ya kwanza nilisema mimi! Nilimwambia binti yangu, mtu wa ng'ambo hana uchungu na jasho letu. Hakunisikia. Leo ameona!"

Hadija alisikia maneno hayo, na hakuhitaji kuyagonga kwa kidole.

Miaka miwili iliyopita Sebastiao alipokuja kuposa, wajomba wote walikataa. Shangazi walilia. Aliyekubali alikuwa mmoja tu: baba yake. Alizunguka nyumba za wajomba wiki tatu akiwabembeleza, akapunguza mahari, akamtafuta mwenyewe shehe wa kumsilimisha. Hadija alipomuuliza kwa nini, alimjibu kwamba moyo wa mwanawe una thamani kuliko maneno ya ukoo. Hadija alilia siku ile kwa furaha. Amekuwa akilisimulia neno hilo kisimani, kwa kila mwanamke aliyetaka kusikia. Na ilikuwa mwezi uleule Landrova ilipoletwa Namtunda, ambako hapakuwa na mtu wa kuiendesha ila Sebastiao, na korosho za wizi hazijipeleki mjini zenyewe.

Alihisi aibu, kisha hasira, na hasira ikashinda.

"Mama, una la kusema?" aliuliza Katibu Kata. "Au tumpeleke?"

Hapo palikuwa na njia mbili tu, na kila mmoja aliyekuwepo aliziona. Akinyamaza, anampoteza mume. Akisema, anamzika baba.

Hadija aliinama, akalibeba lile jiwe kwa mikono miwili ya udongo. Lilimlemea, akalibeba hivyo hivyo mpaka mbele ya kanzu safi ya Mzee Ismaili, akaliweka chini kwenye vidole vya miguu yake.

"Baba," alisema, "uliponikubalia huyu, wajomba wote wakikataa, ulikuwa unanitafutia mume, au ulikuwa unatafuta dereva?"

Mzee Ismaili alirudi hatua moja. Watu wakaguna. Ule upole wote ukamtoka usoni kama rangi ya bei rahisi.

"Mwana usiye na shukrani," alisema. "Nyumba gani nyingine Namtunda imeezekwa bati, ukiacha ghala? Bati la nyumba yako, unalolala chini yake wewe na mtoto wako, ulidhani mimi mzee nimelitoa wapi? Nilipolileta, uliniuliza?"

Hadija alilitazama bati la ghala. Hakuwahi kuuliza.

Macho ya watu yakamwacha mzee, yakamwacha dereva, yakatua kwake. Salma aliinuka vumbini, akajipangusa, akasogea mbali na rafiki yake.

Mgambo alikuwa na kamba moja tu, na ilikuwa tayari mikononi mwa Sebastiao.

"Nenda ghalani ukalete nyingine," alisema Katibu Kata. Alimtazama Mzee Ismaili. Kisha akamtazama Hadija, kwa muda mrefu zaidi. "Lete mbili."